Mkufu Unaofungwa Mbele

Mikufu yangu hufungwa kwa mbele, chini ya koo, na watu husema huo ni ubunifu. Wengine wameshaiga. Ukweli ni kwamba kinyozi hajinyoi. Kila mkufu lazima ujaribiwe shingoni kabla haujatoka, nami sina wa kunifungia kisogoni.

Zamani alinifungia mume wangu. Sikukaa darasani, mitindo yangu niliikunja kwa waya wa shaba, naye, kwa kuwa ni sonara, akaigeuza dhahabu. Duka letu likapanuka, jina mlangoni likawa lake peke yake. Alipomleta mke mwenzangu, nikaambiwa kumbe mimi nilikuwa kibarua tu. Nilipika, akapakua mwingine. Binti yetu, bado mdogo, akabaki kwa baba yake, kwenye nyumba yenye nafasi. Mimi nikapanga chumba kimoja, meza ya kazi chini ya dirisha, kitanda nyuma yake, nikaanza upya.

Mwezi uliopita binti akaja. Anaolewa. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, maana kiti kingine hakuna, akasema anataka mkufu wangu, si wa baba yake. Nilifurahi hadi nikaona haya. Kisha akaongeza, huku akichezea koleo langu:

"Ila mama, ndoano iwe nyuma. Mama mdogo ndiye atakayenifungia siku hiyo. Ameomba."

Nikamuuliza huyo mke wa baba yake amejifunza lini kufunga, maana nimjuavyo mimi ni hodari wa kufungua milango ya wenzake. Hakucheka.

"Usianze, mama."

Sikuanza. Nilikunja waya, nikayeyusha dhahabu, nikasugua. Ndoano nikaiweka nyuma, ndogo kama punje ya mchele, mara ya kwanza tangu nitoke kwa baba yake.

Alipokuja kuuchukua alikuwa na haraka, gari linamngoja nje. Akanyoosha mkono apewe kiboksi. Nikamwambia mkufu hautoki bila kujaribiwa.

"Basi jaribu wewe."

"Nani atanifungia?"

Akatazama kitanda, akatazama kikombe kimoja dirishani. Akakaa, akainua nywele kwa mikono miwili. Nyuma ya shingo ana alama aliyozaliwa nayo, nilikuwa nimeisahau. Nikafunga ndoano, ikashika palepale. Nikaifungua, nikaifunga tena. Nje honi ikalia.

"Imeshika, mama?"

"Bado," nikasema.