Cha Chini ni cha Baba

Fundi niliyeshirikiana naye chumba cha kazi aliitwa Kesho, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mteja akiuliza suruali yake itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa moja: "Kesho." Ukija kesho, unaambiwa kesho. Bwana harusi mmoja alifunga ndoa na koti ambalo mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshikizwa kwa uzi mweupe, akapiga picha zote amesimama upande. Watu waliapa hawarudi tena, na walirudi, kwa sababu Kesho akishamaliza kushona, nguo ilikukaa utadhani umezaliwa nayo.

Mimi ni mpiga pasi. Meza yangu ilikuwa upande wa dirisha, cherehani yake karibu na mlango, na katikati yetu meza ndefu ya kukatia vitambaa. Juu ya meza hiyo ndipo alipokaa binti yake kutwa nzima, miguu inaning'inia, akitoa amri. "Baba, yule mama wa gauni amekuja." "Mama Pasi, shati hilo huku bado limekunjamana." Wateja walimwita Bosi. Mama yake alifariki Bosi akiwa bado ananyonya, na baba mtu hakuwa na wa kumwachia, basi akamleta kazini. Wanaume wenzake walimcheka, wakamuuliza lini ataacha kazi ya kina mama. Akawajibu, "Kesho." Wakaenda zao.

Sasa nieleze habari ya sakafu, maana ndiyo iliyotuletea mambo yote haya.

Bosi akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, kipande cha mkate kilimponyoka kikaanguka chini ya cherehani. Akakiokota, akakitia mdomoni. Kesho aligeuka kumtazama, akaona kitu kinang'aa katikati ya vijino vyake. Ilikuwa pini. Aliichomoa polepole kwa vidole viwili, kisha akakaa chini palepale kwenye vipande vya vitambaa, amempakata mtoto, na mteja amesimama anangoja kupimwa. Ndipo akaweka sheria: kilichoanguka, mtoto hali.

Lakini kutupa chakula hakuweza. Alilelewa na bibi ambaye punje ya wali ikidondoka aliifuata mpaka uvunguni. Kwa hiyo kitu kikianguka, yeye mwenyewe aliinama, akakiokota, akakipitishia ile sumaku yake ya kukusanyia pini, akakipuliza, akala. "Cha juu ni chako," alimwambia mtoto. "Cha chini ni cha baba." Bosi alipoanza kusema vizuri, hayo yalikuwa miongoni mwa maneno yake ya mwanzo, na akiyasema alinyoosha kidole kwa ukali.

Tulibishana sana juu ya jambo hilo. Mimi ni wa kundi la pangusa-ule. Wanangu nimewalea kwenye sakafu ya udongo, wamekula mchanga mpaka wakaota ndevu, na mmoja leo ni askari. "Unamdekeza," nilimwambia Kesho. "Tumbo la mtoto lazima lizoee dunia." Yeye alinijibu, "Dada, sakafu yako ilikuwa na vumbi. Yangu ina pini. Vumbi utalinywea dawa, pini utainywea nini?" Wateja nao hawakukosa la kusema. Mwalimu mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi akasema kilichoanguka kitupwe tu, hakuna mjadala. Mzee aliyeleta kanzu kurefushwa akasema ukikiwahi haraka, wadudu hawajapata habari. Tulicheka, na Kesho akaendelea kula vya chini.

Halafu ukaja msimu mbaya. Kazi kubwa ya Kesho ilikuwa sare za shule, na mwaka ule maduka yalileta sare zilizoshonwa tayari, zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, bei ya kutupa. Wazazi walipita mlangoni kwetu wakitazama mbele, kama watu wenye haraka. Cherehani ikawa inanyamaza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mimi nilibaki na mashati ya watu wa ofisini, lakini kwa mwenzangu maji yalizidi unga, na kila mtu aliyekuwa na macho aliyaona hayo.

Tatizo, Kesho alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Bakuli la Bosi la mchana alilileta kila siku, limefungwa vizuri na kitambaa. Mara mkate na yai, mara viazi, mara ndizi na chai ya maziwa. Yeye mwenyewe hakuleta kitu. Nikifungua changu na kumkaribisha, alisema, "Asante dada, nimeshiba. Nilikula nyumbani." Mtu akikuambia ameshiba utamfanyaje, umfungue tumbo? Lakini niliona suruali zake. Alijipunguzia kiuno mara ya kwanza, akasema ndiyo mtindo. Akapunguza mara ya pili, mifuko ya nyuma ikakaribia kukutana. Nilimwambia aende hospitali, mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema ni vidonda vya tumbo tu, vitapita.

Ni katika siku hizohizo ndipo Bosi alipoanza kuangusha vitu. Mwanzoni ilikuwa kipande cha mkate, mara moja moja. Baadaye ikawa kila mlo. Yai lililomenywa linamponyoka, puu, chini. Kiazi, chini. Nusu ya ndizi, chini. Mtoto aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano bila kukosea sasa hawezi kushika kiazi! Nikasema labda ni macho, apelekwe kupimwa. Kesho alimwambia kwa upole, "Shika vizuri, mama," kisha akainama, akaokota, akapitisha sumaku, akala. Mimi nilianza kuudhika kweli. Siku moja nilimkaripia Bosi, nikamuuliza mikono yake imepakwa mafuta au vipi. Alinitazama tu bila kujibu, na si kawaida yake, maana ulimi wake ulikuwa na majibu ya kuazimisha.

Basi shule zikafunga, na Mama Mkubwa akaandika kwamba anakuja. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mama yake Bosi, matroni wa bweni la wasichana. Siku ya mazishi alisema mbele ya watu kwamba mtoto akifikia umri wa kuanza shule atamchukua akamlee na wanawe, na Kesho, akiwa hajui hata alikokaa, akakubali. Sasa umri umefika. Ahadi ni deni, na hii ilikuwa ahadi pekee ambayo Kesho hakuweza kuijibu "kesho."

Alijua hivyo. Kabla ya ugeni huo kufika alimshonea Bosi gauni la mabaki ya vitambaa vya wateja, rangi saba, limetulia utadhani la dukani. Alilipindia pindo pana ili liweze kuongezwa akikua. Akaniambia bila kunitazama, "Kule atakula vizuri, dada. Atalala kwenye kitanda chake. Mimi namlazimisha kukaa kwenye pini kwa sababu ya nini? Kwa sababu namtaka?" Nikamwambia kumtaka mtoto ni sababu tosha. Alikuwa anampenda yule mtoto kuliko macho yake, na alikuwa amekwisha kujishawishi kwamba hana haki naye.

Mama Mkubwa alifika na hotipoti. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alimbusu mtoto, alinipa mkono, alitazama chumba kizima na kusema, "Mmejitahidi, pasafi." Akafungua hotipoti juu ya meza ya kukatia, wali na nyama na mchuzi, harufu ikajaa chumba. Akampakulia Bosi sahani iliyojaa.

"Shemeji, karibu nawe," akasema.

"Asante shemeji. Mimi nimeshiba."

Bosi alikuwa ameshika kijiko. Akamtazama baba yake. Akatafuta kwenye sahani ile nyama kubwa kuliko zote, akaichukua kwa mkono, akaunyoosha mkono nje ya meza, akaachia vidole.

Nyama ikaanguka karibu na kanyagio la cherehani. Kesho akainama, akaiokota, akapitisha sumaku, akapuliza, akala. Alitafuna haraka, ameinamisha kichwa. Hajamaliza kumeza, ikaanguka ya pili.

Mama Mkubwa akasimama. "Shemeji, hii ndiyo nini?"

"Ameangusha tu. Mikono yake siku hizi..."

"Hajaangusha! Ametupa. Nimemwona kwa macho yangu. Mimi nalea watoto wa watu bwenini, hakuna hata mmoja anayetupa nyama. Na wewe, baba mzima, unaokota chini unakula mbele ya mtoto! Atajifunza nini? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo."

"Kweli, shemeji."

"Nilikuja na nia nyingine, nikuambie ukweli. Njiani nilisema labda nimwachie baba yake mpaka mwakani, bado mdogo. Sasa hapana. Leo hii naondoka naye."

Kesho alisimama, akajikaza kisabuni, akaenda kwenye rafu kuchukua mfuko wenye nguo za mtoto. Ulikuwa umeshafungwa. Akaubeba kwa mikono miwili, akarudi nao.

"Haya, mama," akamwambia Bosi. "Shuka tuvae viatu."

"Siendi."

"Kwa nini hutaki, mwanangu?" Mama Mkubwa aliuliza, sauti imeshalainika. "Kwangu kuna kitanda chako. Kuna dada zako wanakungoja."

Bosi alishika ukingo wa meza. Akasema, "Nikienda, nani atamwangushia baba?"

"Atamwangushia nini?"

"Chakula." Alimtazama mama mkubwa wake, akashangaa kwamba mtu mzima hajui jambo dogo kama hili. "Baba hali mpaka kianguke. Ukimpa anasema ameshiba. Kikianguka, anakula."

Nje mtu alikuwa anapita anapiga mluzi. Nilimtazama Kesho amesimama na mfuko wake, nikamwona kwa mara ya kwanza alivyokwisha, shingo inazunguka ndani ya kola. Mtoto mdogo kama huyo alikuwa amegundua njia ya kumlisha baba yake, na kwa ajili hiyo alikubali kuitwa mzembe, kukaripiwa na mimi, na bado akakaa kimya asije akamwaibisha.

Mama Mkubwa alimsogelea. Akaitazama ile suruali, mikunjo ilivyosongamana kiunoni chini ya mkanda.

"Shemeji, leo umekula nini?"

"Nime..." alianza Kesho. Bosi alikuwa anamtazama. Akajirekebisha: "Sijala."

"Na jana?"

"Alichoangusha mtoto."

Mimi nililia. Si mtu wa machozi mimi, wateja wananijua, lakini nililia waziwazi, kichwa juu ya mashati ya watu. Mama Mkubwa yeye hakulia hapo. Aliuchukua mfuko mikononi mwa Kesho, akaufungua, akatoa nguo za mtoto moja moja, akazirudisha kwenye rafu zilikotoka, amezikunja vizuri. Lile gauni la rangi saba lilipofika mkononi alisita, akalipapasa pindo, akaona kitambaa kilivyoachwa ndani kwa miaka ijayo. Ndipo machozi yakamtoka.

"Nikimwondoa hapa," akasema, "nitampakulia wali kila siku na hatashiba. Atabaki na baba yake. Na wewe, ukinidanganya tena habari ya tumbo lako, nitakuja na kile kiboko cha bwenini, nakuapia."

"Sawa, shemeji."

"Kaa hapo."

Kesho akakaa kwenye kiti cha wateja, mezani, uso kwa uso na binti yake. Shemeji yake akampakulia sahani, akaijaza mpaka wali ukakaribia kumwagika, akamwekea mbele yake. Kesho aliitazama. Nadhani alikuwa amesahau namna ya kuanza, au aliona haya, maana tulikuwa watu watatu tumemkodolea macho.

Alichukua tonge la kwanza. Punje kadhaa zikadondokea mezani, lakini lilifika mdomoni. Bosi alikuwa ameacha kula chake. Alimfuatisha baba yake kwa macho, tonge likipanda, mdomo ukifunguka, akitafuna, na baba alipomeza naye akameza. Alipohakikisha kwamba kweli baba anakula, na kwamba hakuna kilichoanguka chini, akamsogezea bakuli.

"Weka na mchuzi, baba," akamwambia. "Usile mkavu."

Kesho akaweka mchuzi, akala.