Uso wa Mzee Luka Chini ya Kofia

Kwenye kuta za sebule za Kagongwa hakuna mtu mweusi, na wa kulaumiwa ni Zuhra. Ana studio ndogo ya picha nyuma ya stendi, kompyuta inayounguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, na dawa moja kwa kila sura: anaongeza mwanga mpaka mama yako mzazi akupite njiani bila kukujua. Wateja ndivyo wanavyotaka. Mkulima aliyechomwa na jua mwaka mzima anatoka pale mweupe kama karani wa benki, na anashukuru.

Siku moja akaingia Mama Edson, aliyefiwa na mumewe jana yake, mwanawe Edson akimfuata.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, tumeshapoa. Nataka uso wa mume wangu. Kesho tunamzika, na picha itatangulia mbele ya jeneza."

Marehemu Mzee Luka hakupenda kamera. Aliacha picha mbili tu: ya kitambulisho, ambamo alionekana kama mtu aliyekamatwa akiwa na ng'ombe wa watu, na ile aliyopigwa na Zuhra mwenyewe kwenye harusi ya bintiye, Loveness. Zuhra aliikumbuka kwa hasira. Jua la utosini, shati jeupe pe, kofia pana, na chini ya kofia giza tupu. Alimwomba na kumwomba, "Baba, inua kofia," mzee akakaa kimya kwenye kiti chake. Kiburi cha uzee, Zuhra alijisemea, akabonyeza.

Sasa akafanya alivyozoea, akaongeza mwanga picha nzima. Shati likaungua, na usoni pakatokea ukungu wa kijivu wenye masikio.

Mama Edson akaisogelea skrini. "Huyu ni nani? Mimi sijalala na huyu hata siku moja."

Edson akakohoa. Midomo ya mjane ilikuwa inatetemeka, na Zuhra akaona aibu ya kweli.

Ikabidi afufue kitu alichojifunza mtandaoni akakiacha kwa uvivu: barakoa ya mwanga. Ni chekeche tu. Unaiambia kompyuta ishike sehemu zenye mwanga, kila moja kwa kadiri ya mng'ao wake, kisha unageuza, ishike penye giza. Unachekecha tena mpaka libaki giza la ndani kabisa. Shati limefunikwa, haliguswi. Hapo unainua mwanga wa kile kivuli peke yake, taratibu.

Kikatoka kidevu. Ikatoka pua, na weusi wake uleule. Yakatoka macho, nayo yalikuwa yamefumba. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Kiburi kitoke wapi? Mzee Luka alikuwa amelala fofofo kwenye harusi ya mwanawe.

Mama Edson akacheka mpaka akashika meza, na kicheko kikageuka kilio. "Ndiye! Ndiye huyu! Kanisani alilala, kwenye kikao cha mahari alilala, siku namzaa huyu Edson alilala mlangoni!"

"Mama, watu watatucheka," Edson alisema. "Dada, huwezi kumfumbua macho?"

Zuhra angeweza, hata kumwazima ya mtu mwingine. Akamtazama mjane.

Mama Edson alijifuta kwa ncha ya kanga. "Kwani ndani ya jeneza yuko macho?" akamuuliza mwanawe. Kisha akamgeukia Zuhra. "Chapa hivyo hivyo. Na usimng'arishe, nisije nikamlilia mzungu."