Muhuri wa Wakubwa wa Siri

Meza yangu ya kushona viatu na meza ya fundi mihuri zimetenganishwa na nguzo moja ya umeme. Mimi si msemaji, na yeye tangu afiwe na mkewe hana maneno, basi kwa miaka tulisalimiana kwa kutikisa kichwa tu.

Halafu akajiunga na kundi la simu linaloitwa Macho Wazi. Asubuhi, hata kabla hajafungua sanduku la zana, sauti zilikuwa zinamwita. "Mzee Mihuri, umeamkaje? Umekula?" Kisha zinaingia kwenye mambo yao: dunia inaendeshwa na watu kumi na watatu wasiojulikana, bei, vita, hata mvua, vyote hupangwa mezani kwao. Fundi alichonga huku akitabasamu. Nadhani hao kumi na watatu hawakumshughulisha sana. Alipenda kuulizwa kama amekula.

Siku moja ukaja ushahidi: picha ya barua ya hao wakubwa, ina muhuri wa duara. Fundi akaitazama, akanyanyuka, akaja kwangu.

"Jirani, hebu iangalie hii nyota."

Ilikuwa katikati ya muhuri, ncha yake moja fupi. Fundi huchora duara kwa bikari, na bikari humwachia tundu kwenye mpira wa muhuri. Hulificha kwa nyota, na kidole chake kibovu hufupisha ncha moja kila mara.

"Muhuri huu niliwachongea watu wa maigizo mwaka jana," akasema. "Nifanyeje?"

"Sijui, fundi."

"Nikisema, watanifukuza. Nikinyamaza, nitakuwa nawadanganya watu wanaonijulia hali."

Akasema. Nilimsikia akijirekodi: "Ndugu zangu, muhuri huu ni kazi ya mkono wangu."

Majibu yakamwagika kama mvua ya mawe.

"Kumbe tumefuga nyoka!"

"Wamekutuma uje utuzubaishe, eh?"

"Haya mzee, wasalimie wenzako kumi na wawili!"

Kisha wakamtoa kwenye kundi.

Kesho yake simu ilikaa kimya kando ya wembe. Aliishika, akaiweka, akaishika tena. Hakuchonga hata herufi moja. Mchana nikajikaza, nikamwendea na chupa yangu, ulimi mzito kama gunia lililolowa.

"Fundi, tunywe chai."

Akanitazama usoni, kisha mikononi.

"Nani kakutuma?"

Nikammiminia kikombe, nikakiacha mezani pake, nikarudi kwenye soli yangu. Hakukigusa.