Siku Niliyokuwa Plana wa Miji Miwili

Sitaki mtu anionee huruma, kwanza kwa sababu sistahili, na pili kwa sababu walioniona siku ile nyuma ya soko la Busia walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini nikinyamaza rafiki yangu Opio ataendelea kuisimulia kwa namna yake (katika simulizi lake mimi nililia, jambo ambalo si kweli), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe, aibu yote, halafu tusiongee tena.

Kwanza muelewe habari ya plana. Mji wetu wa Busia, upande wa Uganda, na mji wa Tororo ni majirani, na wakubwa wa pande zote mbili waliketi wakagundua kwamba kila mji ukiajiri mtaalamu wake wa kupanga nyumba na ardhi, yule wa kusema hapa watu wajenge, hapa pawe soko, hapa ipite barabara, gharama itakuwa kubwa, basi wakaamua kumtumia mmoja kwa pamoja. Wazo zuri kabisa, la kisomi, hata mwalimu wetu wa jiografia alilisifu darasani. Ila mtaalamu wa namna hiyo huwa kama mume mwenye wake wawili: Busia tukimuuliza tunaambiwa leo yuko Tororo, Tororo wakimuuliza wanaambiwa leo yuko Busia, kila upande unaamini amekula kwa mwenzake, kumbe maskini pengine yuko njiani anatafuta gari. Kwa hiyo kule nyuma ya soko kila mtu alikuwa amesikia habari za plana, kila mtu alikuwa na maoni juu ya plana, na hakuna hata mmoja aliyejua plana ana sura gani.

Jumatatu hiyo mwalimu alitutuma mimi na Opio, wanafunzi wa Sinia Tatu, tukapime upana wa ile barabara ya nyuma ya soko na tuichoree ramani, akatupa tepu ndefu ya shule na onyo la kutoipoteza. Barabara yenyewe ni ya ajabu: wauzaji wameisogelea pande zote mbili, huyu ameweka meza, yule ameongeza kibaraza cha mabati, bodaboda wamejaa katikati, na ukipita hapo na sare ya shule na tepu mkononi utasukumwa kama mkokoteni mbovu. Nikawaza. (Kuwaza ndiko huniponza.) Kaka yangu anafanya kazi ya ujenzi, na asubuhi hiyo kule mtaani kwetu Masaba jaketi lake la riflekta, lile la njano linalong'aa, lilikuwa limeanikwa uani, nami nikapitia nyumbani kwanza nikalivaa pamoja na helmeti yake, nikijiambia kwamba nikivaa hivi watu watanipisha, basi. Huo ndio uamuzi wenyewe. Jaketi. Sikuvunja benki.

Walinipisha. Walinipisha kupita kiasi.

Wa kwanza alikuwa Fundi Simiyu, mshona nguo wa upande wa Kenya anayevuka mpaka kila asubuhi, na cherehani yake huilaza huku kwetu. Aliponiona nakunjua tepu aliacha kushona, akasimama, akafuta kiti kwa kitambaa cha mteja.

“Mkubwa, karibu. Mmetoka Tororo?”

Sasa naomba haki itendeke. Opio alikuwa ametoka Tororo. Alilala huko kwa bibi yake wikendi nzima, akafika shule amechelewa, na nguo za nyumbani mwilini. Akajibu, “Ndiyo, tumetoka asubuhi hii.” Ukweli mtupu.

“Na mnapima barabara?”

“Tunapima,” nikasema. Ukweli pia.

“Aki hatimaye.” Fundi Simiyu akawageukia majirani. “Wasee, plana amefika. Si niliwaambia atakuwa kijana? Mzee hawezi kupanda gari kila siku, mgongo utakataa.”

Hapo ndipo ilinipasa kusema hapana, mzee, sisi ni wanafunzi. Na nilifungua mdomo kabisa. Lakini kabla neno halijatoka nikawekewa soda baridi mkononi, na nyumbani nilifundishwa kwamba mtu haongei akiwa na kinywaji mdomoni.

Tukaendelea. Nikaanza kutembea polepole, mikono nyuma, kama wakubwa wanavyotembea wanapokagua kitu wasichokielewa. Nikikohoa, Opio anavuta tepu. Nikitikisa kichwa, mtu anaondoa ndoo zake barabarani. Mama mmoja wa nyanya alinipigia magoti kunisalimia, mimi, ambaye nyumbani huosha sufuria. Muuza viatu akaniuliza kama mtaro utapita mbele ya duka lake au nyuma, nikamwambia jambo hilo linazingatiwa, akaridhika, akanishukuru (jaribuni siku moja, ni jibu linaloingia kwenye kila swali). Vipimo vya jiografia hatukuandika hata kimoja.

Halafu tukafika kwa Mama Nafula.

Huyu ni mama wa chai na chapati. Wateja wake ni wale wanaovuka mpaka asubuhi na mizigo, na wanampenda kwa ajili ya kibaraza chake, mabati machache juu ya nguzo za mkaratusi na mabenchi chini yake, kwa sababu kwake unakunywa chai bila jua kukuchoma wala mvua kukuongezea maji kikombeni. Bila hicho kibaraza, chumba chake ni jiko tu, mtu mmoja akiingia mwingine atoke. Alikuja akijifuta unga mikononi, akanisalimia bila kunitazama usoni, aliitazama tepu.

“Mulembe, mkubwa. Mimi nauliza tu. Hii baraza yangu iko ndani ya barabara?”

“Hebu tuone, mama.”

Opio akavuta tepu. Nikatazama namba. Zilikuwa namba tu, hazikuniambia chochote. Ningeweza kusema jambo hilo linazingatiwa, lakini Opio alikuwa amebana kicheko mpaka mabega yanatetemeka, na mimi nikiona mtu anakaribia kucheka lazima nimsaidie afike. Nikakunja uso.

“Kibaraza hiki kitarudi nyuma hatua mbili.”

Wenzangu, nilitegemea abishe. Wauzaji wa mtaa ule wanabisha hata na saa ya ukutani. Nilikuwa nimeshapanga: abishe, nimkubalie, niseme basi mama, kikae, nipewe chapati ya moto, niondoke nikiwa mtu mwema. Hakubisha. Aliyaangalia mabati yake, akasema kwa sauti ndogo, “Greda inakuja lini?”

“Wakati wowote,” nikasema, kwa sababu sikujua.

Hilo neno ndilo lililomaliza kila kitu. Huku kwetu hata mtoto wa chekechea anaijua sheria ya greda: ukibomoa mwenyewe, unabaki na mabati yako na nguzo zako, ukiingoja greda, unabaki na vitu vilivyokunjwa kama karatasi ya peremende. Hatukuwa tumefika mbali niliposikia nyundo nyuma yangu.

Nikageuka. Mama Nafula alikuwa amepanda juu ya benchi anang'oa misumari, mpwa wake ameshika nguzo, wateja wamesimama juani na vikombe vyao kama watu waliofukuzwa kanisani, na bati la kwanza lilikuwa chini tayari. Nikarudi mbio, helmeti inanigonga pua.

“Mama, ngoja kwanza. Si lazima leo.”

“Umesema wakati wowote. Hata leo ni wakati.”

“Nilikuwa nataka kusema...”

“Mkubwa, wacha nitoe bati yangu ikiwa mzima. Wewe fanya kazi yako.”

Nilitaka kumwambia ukweli, naapa nilitaka, lakini mtaa mzima ulikuwa umesikia ile nyundo, na mtu akisikia nyundo kwa jirani anataka kujua ya kwake itapigwa lini. Wakanizunguka. Huyu anauliza ukuta wake, yule anauliza choo chake, mwingine anauliza kama shemeji yake ana haki ya kuweka kuku pale alipowaweka. Fundi Simiyu, kwa kuwa ndiye aliyenivumbua, akajipa cheo cha katibu wangu na kuwapanga foleni.

“Mmoja mmoja, jameni. Plana hana vichwa viwili.”

Nikamtafuta Opio kwa macho. Opio, rafiki wa kufa na kuzikana, alikuwa ameingia nyuma ya foleni akijifanya na yeye ana shida ya ardhi.

Mama mmoja akashuka kwenye bodaboda, amevaa gambuti, mkoba begani na bomba refu la plastiki kwapani, vumbi limemkalia mpaka kwenye nyusi. Akataka kupita mbele. Katibu wangu akamzuia.

“Madamu, huko nyuma. Sisi wote tuko na shida.”

“Mnamngoja nani?”

“Plana. Ndio amefika leo kutoka Tororo.”

“Ahaa,” yule mama akasema. “Basi na mimi nitamngoja.”

Akaenda nyuma kabisa, nyuma ya Opio, akasimama kwa adabu mpaka zamu yake. (Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenizaba kofi pale pale ningepona mapema.)

“Mkubwa, pole na kazi,” akaniambia alipofika mbele.

“Asante, mama. Sema shida.”

“Nataka tu kuuona mpango wenyewe. Uko wapi?”

“Mpango uko Tororo.”

Foleni ikatikisa vichwa. Hilo walilijua.

“Tororo wapi?”

“Ofisini. Unashughulikiwa.”

“Na nani?”

Kichwa kikaanza kupata moto chini ya ile helmeti. “Na mkubwa wangu.”

“Yukoje huyo? Nikienda nimtambue.”

“Ni mzee mmoja mnene,” nikasema. “Hapendi kusumbuliwa. Mchana huwa analala.”

Watu wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao, kicheko kizuri tu. Kisha akafungua lile bomba, akatoa karatasi kubwa, akaitandaza juu ya meza ya cherehani, na hapo juu yake ilikuwa barabara yetu, na soko, na kila kibanda mahali pake.

“Mimi ndiye huyo mzee mnene,” akasema. “Naitwa Athieno. Na leo, kwa bahati yako mbaya, sijalala.”

Fundi Simiyu alinisogelea akashika zipu ya jaketi, akaivuta chini taratibu kama daktari anayeogopa atakachokikuta, na beji ya shule ikachungulia nje.

“Huyu ni wa shule,” akatangaza. “Na nimempatia soda.”

“Mimi nimempigia magoti,” akasema mama wa nyanya.

“Mimi amesema mtaro wangu unazingatiwa,” akasema muuza viatu, na alionekana bado ana matumaini.

Mama Nafula alikuja na bati mikononi. Watu wakampisha.

“Kwa hiyo hakuna greda.”

“Hakuna, mama.”

“Na hizo hatua mbili?”

“Nilitunga tu.”

Ningelipa chochote apige kelele. Hakupiga. Aligeuka akawatazama wateja wake, na wateja wake walikuwa wanayatazama mawingu upande wa ziwa, na tayari wawili walikuwa wanarudisha vikombe mezani na kuinua mizigo yao waende kunywea chai kwingine. Nilimwona akiwahesabu kwa macho wanavyoondoka.

Madamu Athieno akanipandisha juu ya benchi nitangaze kwa sauti kwamba mimi ni mwanafunzi, sina cheo, na yote niliyosema yafutwe. Nikatangaza. (Jamaa wa kuku akauliza kama ruhusa niliyompa shemeji yake imefutwa pia, akaambiwa imefutwa, akanuna, akasema afadhali plana wa uongo aliyeonekana.) Tone la kwanza likaniangukia shingoni nikiwa bado juu ya benchi.

Mama Nafula akatoa turubai linalofunika kuni zake. Mpwa wake akalifunga kwenye misumari ya ukutani, upande wa nyuma. Upande wa mbele haukuwa na kitu cha kulishikilia.

“Nyinyi wawili,” Mama Nafula akasema, kwangu na kwa Opio, ambaye shida yake ya ardhi ilikuwa imekwisha ghafla. “Nguzo zangu ziko chini. Simameni hapo.”

Tukasimama. Kona moja kwa Opio, kona moja kwangu, mikono juu, na mvua ya Busia haijui kunyunyiza, inamwaga. Wale waliokuwa wanaondoka wakarudi kujibanza, Fundi Simiyu akaleta ramani isilowe, na Madamu Athieno akaketi katikati ya benchi, akaagiza chai, akaanza kujibu watu mmoja mmoja, kidole juu ya karatasi: mtaro ni nyuma ya duka la viatu, ukuta huu sawa, choo kile hapana. Hakuharakisha. Hakuna aliyeharakisha. Kuna mzee aliagiza kikombe cha pili huku akinitazama usoni.

“Nguzo ya kulia imelegea,” akasema mtu.

“Ni mbao mbichi hiyo, itakomaa,” akajibu mwingine.

Mwisho kabisa Mama Nafula akasimama mbele ya ramani na birika mkononi.

“Na yangu, madamu?”

Madamu Athieno akaitafuta, akaipata, akapitisha kidole. “Kibaraza chako kiko ndani ya kiwanja chako. Kinabaki. Barabara inaanzia mbele ya nguzo zako.”

Watu wote wakainua macho kuitazama nguzo. Nguzo ilikuwa mimi, na maji yalikuwa yanaingia kwenye mkono wa jaketi la kaka na kutokea kwenye suruali.

Mama Nafula akammiminia chai nyingine. Kisha akatuambia mimi na Opio bila kugeuka, “Kesho unakuja na nyundo. Na wewe, Tororo, pia.”

Tulikuja. Kibaraza kilisimama tena pale pale kilipokuwa, misumari niliipiga mimi mwenyewe (kidole gumba changu pia), na wateja wake wamekaa chini yake tangu siku hiyo na hawajachoka kunionyesha kwa wageni. Nami nimeapa, na kiapo hiki nimekishika vizuri kuliko vyote: mtu akinisimamisha Busia au Tororo akaniuliza hata choo cha stendi kiko upande gani, namwambia mimi ni mgeni hapa, na hata mimi nakitafuta.