Mlango wa Kushoto wa Gari la Kashaija

BUGANGUZI – Umande haujakauka kwenye migomba, na Ildefons Rwegasira amekwisha kupiga magoti kando ya gari jeusi la mzee Kashaija. Amepaka masizi ya chungu kwenye ulimi wa kitasa cha mlango wa kushoto. Anaufunga mlango taratibu, anaufungua, kisha anainama kuangalia masizi yameacha alama wapi.

"Bado unagonga chini," anasema. "Mlango huu umechoka mabega. Ukiulaumu ulimi unauonea bure."

Anauinua mlango kwa mkono mmoja, nao unacheza. Bawaba zimelika. Anakata kipande cha debe la mafuta ya taa, anakipachika chini ya bawaba, anakaza skurubu, anapaka masizi upya.

Hiyo ndiyo kazi yake: milango ya magari ya zamani. Injini huwaachia wengine. Baba yake alikuwa muhesi, mfua majembe, na mwana alirithi tupa na sikio. Kitasa kizuri, anasema, hulia mara mbili: mlio wa kwanza ni wa kushika, wa pili ni wa kukaza. Kikilia mara moja tu, gari halirudi kwa mwenyewe. Malipo ni shilingi mbili, na asiye nazo huleta mkungu wa ndizi. Iko miezi nyumba yake huona mikungu mingi kuliko shilingi.

Waliokuwa wasichana kabla ya vita vya pili vya dunia wanakumbuka gari hili lilipofika Buganguzi mara ya kwanza. Kahawa iliachwa mikekani, kuku wakaichakura. Watoto walilifuata mbio mpaka kanisani, wakisema hata vumbi lake linanukia. Viti vilikuwa vya ngozi nyekundu, na dirisha la nyuma lilikuwa na kijipazia chenye mashada.

Basi kila aliyepanda, akishuka, aliubamiza mlango kwa kishindo, majirani watoke waone nani amekuja. Wote walifanya hivyo, hata katekista. Fahari hiyo ndiyo iliyokula kitasa. Baadaye mlango ukawa unafungwa kwa kamba ya mgomba, na hakuna aliyeona ajabu, maana kamba hiyo kwetu hufunga kila kitu, kuanzia mzigo wa kuni mpaka paa la nyumba.

Mwaka 1949, kwenye mteremko wa Muhutwe, kamba ilikatika. Milango ya gari hili ina bawaba upande wa nyuma. Mlango ukifunguka njiani, upepo huudaka. Aliyekaa pale alikuwa Anatolia, mke wa Ildefons. Alianguka na kikapu chake. Nyonga haikupona sawasawa, na tangu siku ile hajapanda gari lolote. Kashaija naye aliliegesha lake nyuma ya nyumba, kuku wakataga vitini.

"Ndipo nikaacha injini," anasema Ildefons. "Niliona watu wote wanasikiliza injini. Mlango hauna wa kuusikiliza."

Sasa binti yao Immakulata, aliyeolewa Nshambya, mjini Bukoba, amejifungua mtoto wa kiume, na Jumapili hii mtoto anabatizwa. Kwa miguu Anatolia hawezi kufika. Basi la abiria amelikataa. Kashaija, ambaye kahawa imempa nafuu mwaka huu, amelifufua gari na kusema litawapeleka, mlango ukitengemaa. Anatolia hajasema ndiyo.

Anakuja na fimbo yake, amewaletea wageni waliokuja kutazama kazi emwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo.

"Waitu, mama yetu, karibu uone," Kashaija anamwita. "Kuku wangu wamelala humu miaka sita, hajaanguka hata mmoja."

"Kuku wako walikuwa hawaendeshwi na wewe," Anatolia anajibu bila kumtazama.

Ildefons anacheka mpaka bisibisi inamponyoka.

Alasiri kitasa kinalia mara mbili. Ildefons anaingia, anauegemea mlango kwa bega, anamwambia Kashaija alipitishe gari kwenye mashimo ya njia ya kisimani. Wanarudi, mlango uko mahali pake.

"Wewe utakaa katikati, Mama Immakulata," Kashaija anamwahidi. "Mimi huku, mumeo mlangoni."

Anatolia anapapasa ukingo wa mlango kama anayechagua kitambaa dukani. Anapanda polepole, anakaa upande wa mlango, anaufunga mwenyewe. Anausukuma kwa kiwiko, kisha kwa bega, kisha kwa uzito wake wote. Nje, Ildefons amesimama mikono ikiwa mbele kidogo, kama mtu anayesubiri kudaka kitu.

"Katikati sioni njia," Anatolia anasema mwishowe, kupitia dirishani.

Ildefons anajifuta masizi. Akiulizwa anatumaini nini, anajibu kwa sauti ya chini kwamba magari ya zamani yanapungua, na huenda siku moja atarudia majembe ya baba yake, hilo halimsumbui. "Nataka Mama Immakulata ampakate mtoto angali mchanga. Asije akakutana naye anakimbia."

Anatolia amemsikia.

"Ndizi za mzazi ziwekwe nyuma," anaagiza. "Na pale Muhutwe msimame. Nataka nishuke kwa mlango huu, kwa miguu yangu mwenyewe, halafu nipande tena."