Paka wa Mashineni Aliacha Kuitika

Debe la bati lilimponyoka mteja, likapiga sakafu ya saruji. Kila mtu mle mashineni akaruka.

Kila mtu, isipokuwa paka.

Alikuwa amekaa juu ya rundo la magunia matupu, katugeuzia mgongo, analamba mguu wake. Debe likabingirika mpaka mlangoni. Mama mmoja kashika kifua, analaani. Paka hata sikio halikucheza.

Nikamtazama. Nikasema moyoni, huyu ana jambo.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo. Kisa hiki kilianza kwa paka, na mimi sikujua kinakoelekea.

Mimi nimeishia shule ya msingi, sina maneno makubwa. Ila Mungu kanipa macho na subira. Kitu nikikiangalia, nakiangalia mpaka kichoke chenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Jengo refu la bati, mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga. Napokea mahindi, namwaga juu, nashika gunia pale unga unapotokea, nashona mdomo wa gunia, nafagia. Jioni natoka na nyusi nyeupe kama bibi kizee.

Mashine zikiwaka hakuna maongezi pale. Mnaelewana kwa mikono na midomo. Mteja akifungua mdomo tu, nishajua anataka unga laini au wa chenga.

Tulikuwa wanne, ukimhesabu na paka.

Kwanza Bosi, mwenye mashine. Watu walimwita Bosi Pamba, kwa sababu hakuingia ndani bila vipande vya pamba masikioni. Wateja walikuwa wakimtania: "Kaziba masikio huyo, asisikie tukimwambia apunguze bei!" Naye anacheka mpaka tumbo linatikisika.

Halafu Fundi, mtu mzima, kazeekea pale. Yeye haongei, anapiga kelele. Hata mashine zimezimwa, hata umesimama naye pua kwa pua, anakusalimia kama uko ng'ambo ya mto.

"UMELALAJE, MWANANGU?"

"Nimelala salama, Fundi. Ila mtaa mzima umeuamsha."

Mwisho ni Meneja. Huyo ndiye paka wetu, jike, mweupe mwenye mabaka meusi. Jina alipewa kwa sababu kila asubuhi alipita gunia kwa gunia, mkia juu, ananusa, kama anakagua kazi yetu.

Jamani, yule paka alikuwa na michezo! Mtu mzima, kashazaa na kulea, lakini uvute uzi wa kushonea magunia uone. Anaruka, anapinduka, anaukimbiza mpaka uvunguni mwa mzani. Nikigonga bakuli lake kwa kijiko, hata akiwa juu ya paa, anashuka mbio.

Basi akabadilika.

Haikuwa siku moja. Alianza kuchelewa kuja nikigonga bakuli. Baadaye akawa haji kabisa, mpaka nimfuate. Uzi akaacha. Akajitafutia kona nyuma ya magunia, mgongo kaubana ukutani, anakaa humo mchana kutwa anatukodolea macho. Ukimgusa ghafla, anakurukia na kucha.

Kila mtu akawa daktari.

"Ana mimba huyo."

"Mimba gani hiyo, mwaka sasa haizaliwi?"

"Kazeeka tu. Hata wewe ukizeeka utaacha kuruka ruka."

"Kanuna. Mmempa jina la meneja na mshahara hamumpi!"

Wanacheka, wanachukua unga wao, wanaondoka. Mimi nabaki namtazama.

Nyumbani nako hapakuwa na amani. Nilikuwa naishi kwa dada yangu na mumewe. Dada alikuwa kaanza kunichoka.

"Siku hizi una kiburi wewe," akaniambia. "Nakuita, unanitupia mgongo."

"Hujaniita, dada."

"Sijakuita! Shemeji yako huyo hapo, muulize."

Shemeji akatabasamu. "Muache, mama. Mtoto wa watu kachoka na kazi."

"Kachoka mpaka kuitika?"

Siku nyingine nilikuwa naosha vyombo, akanishika bega kwa nyuma. Niliruka, sahani ikanitoka ikavunjika. "Una nini lakini?" akasema. "Unashtuka kama mwizi!" Nikaokota vipande.

Jioni wakawa wanakaa sebuleni na mumewe, wanasema kitu chini chini, wanacheka. Nikajua wananicheka mimi. Nikaacha kukaa nao. Nakula, naingia chumbani kwangu, nafunga mlango.

Tuyaache hayo, turudi kwa Meneja.

Siku moja mteja aliinama kuvuta gunia lake, mkono ukampitia Meneja mgongoni. Meneja akamparura kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Damu ikachuruzika kwenye unga. Bosi akaja juu.

"Basi! Kesho huyo paka mtieni kwenye gunia. Fundi akamtupe mbali huko asikojua njia."

Mimi ndiye niliyemlea yule paka tangu anaingia kiganjani.

"Bosi, nakuomba. Mpe siku chache. Nitajua anasumbuliwa na nini."

"Kwani wewe daktari?"

"Hapana. Ila nitamwangalia."

Akanitazama, akacheka. "Haya, muangalie. Mpaka Jumamosi. Panya wananila mimi hapa."

Nikaanza kazi. Nilimfungua mdomo nikatazama meno, mazima. Nikampapasa tumbo, laini. Miguu haina kidonda. Chakula anakula. Macho je? Kipepeo mdogo wa unga akipita juu, anamfuata kwa shingo mpaka anapotelea. Macho mazima kabisa.

Nikakwama.

Alhamisi mkanda wa kinu ukakatika. Fundi akazima kila kitu, akaanza kufunga mpya. Wateja walikaa nje. Meneja alikuwa konani kwake, kaupa mlango kisogo.

Nikanyata kwa nyuma na bakuli. Nikagonga kwa kijiko.

Kimya.

Nikagonga kwa nguvu, mpaka wateja kule nje wakageuka. Meneja hakugeuka.

Nikazunguka kwa mbele. Sikugonga. Nililiinua bakuli juu tu, alione.

Alikuja mbio, mkia juu, anajisugua miguuni mwangu.

Nikakaa sakafuni palepale. "Meneja," nikamwambia, "kumbe husikii."

Yote yakafunguka. Hakuwa kanuna, hakuwa kazeeka. Asiyesikia hatua za watu, kwake kila mtu anatokea hewani. Unacheza, mara mguu huu hapa, mara gunia hili linakuangukia. Utacheza vipi? Utatafuta ukuta uegemeze mgongo, ubaki kulinda upande mmoja.

Nikambadilishia mwendo. Nikawa simjii kwa nyuma kamwe. Naja kwa mbele, napunga kitambaa kwanza anione, ndipo nasogea. Nikamvutia uzi mbele ya macho yake.

Akautazama. Akautazama tena. Akaruka!

Nililia na kucheka kwa pamoja, unga usoni ukageuka uji.

Jumamosi Bosi alipofika, kabla mashine hazijawashwa, nikamwita mbele ya wateja.

"Bosi, niazime funguo zako."

Akanipa bunda lote, za stoo, za geti, za nyumbani kwake. Nikamwendea Meneja kwa nyuma, nikazitikisa karibu kabisa na kichwa chake. Hakugeuka.

"Makubwa!" mama mmoja akasema.

"Kumbe ni kiziwi!" Bosi akashangaa kweli. "Na nini kimemfanya hivyo?"

Hapo nilikuwa nimevimba kwa furaha, najiona nimefaulu mtihani. Nikajibu bila kufikiri.

"Ni mashine, Bosi. Tangu mdogo analala pale karibu na kinu. Kelele zimemuua masikio."

Wateja wakageuka wakakitazama kinu. Kisha wakamtazama Bosi. Wakazitazama pamba zake.

Safari hii tumbo halikutikisika.

Fundi aliinama kwenye mkanda, akawa kama anatafuta kitu kilichoanguka.

"Haya, paka atabaki," Bosi akasema. "Umefanya vizuri, binti."

Jumatatu nilifika mapema. Mashine zilikuwa bado hazijawashwa. Nikavuta kigoda, nikakaa nashona mdomo wa gunia. Uzi ukaniishia. Nikainua kichwa kuomba mwingine.

Wateja walikuwa wamejipanga mlangoni, wote wananitazama mimi. Mama mmoja kaziba mdomo kwa mkono.

Nikageuka nyuma. Bosi alikuwa ameinama nyuma ya kichwa changu, anaingiza funguo mfukoni.

Akaja mbele yangu. Akaongea polepole, kama anaongea na mtoto.

"Nimezitikisa mpaka mkono umechoka, binti."

"Nilikuwa nimezama kwenye kazi, Bosi."

"Mtu asiyesikia, karibu na mkanda, ni hatari. Ukikatika mkono hapa nitamwambia nini dada yako? Mimi nakuonea huruma tu."

"Mimi nasikia!"

"Na huyo paka wako, ondoka naye."

Kile kipimo nilimfundisha mimi. Kwa mikono yangu, mbele ya watu, tena kwa kujidai.

Nikamtia Meneja kwenye kikapu nikatokea mlango wa nyuma, penye lundo la pumba. Fundi akanifuata. Akanizunguka, akasimama mbele yangu. Nikashangaa, kwa mara ya kwanza mishipa ya shingo yake imelala. Hapigi kelele.

"Ungenyamaza, mwanangu," akasema. "Mimi nimenyamaza miaka yote hii."

"Umenyamazia nini?"

"Mimi sisikii. Napiga kelele ili watu waseme ndiyo tabia yangu, basi. Wewe nilishakuona siku nyingi, jinsi unavyofuata midomo ya watu. Nikadhani unajua. Nikadhani unaficha kama mimi."

Nikapandwa na hasira. "Mimi sina tatizo lolote, Fundi! Kwani sasa hivi sikusikii?"

Akatabasamu, tabasamu la msibani.

"Mwanangu, tangu tumesimama hapa sijatoa sauti."

Nikageuza shingo. Mama mmoja mwenye unga kichwani alikuwa amesimama njiani anatutazama kama wendawazimu. Mzee anachezesha mdomo mtupu, na binti anamjibu kwa hasira.

Nikakaa kwenye pumba, kikapu mapajani.

Dada aliniita kweli. Sebuleni hawakuwa wananicheka. Na ile kona nyuma ya magunia, mimi nilikuwa nayo yangu, yenye kitanda na mlango wa kufunga.

"Bosi anajua habari zako?" nikamuuliza.

"Siku aliyogundua masikio yangu yameanza kufa, kesho yake ndiyo alianza kuvaa pamba."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

"Na wewe hakukupa?"

"Nilimwomba. Akasema nikiziba masikio sitasikia kinu kikiharibika." Akafuta mikono yake kwenye suruali. "Mimi hanifukuzi, nikiondoka mashine inalala. Wewe kesho atapata mwingine."

Akarudi ndani. Baada ya hapo nikaliona bati la ukuta linatetemeka, nikajua mashine zimewashwa.

Dada nilipomweleza alishika mdomo, akanikumbatia, akalia. "Na mimi nilikuwa nakuona una kiburi." Kwa muda alikuwa anakuja mbele yangu, anaongea polepole.

Kisha akachoka. Simlaumu sana, kurudia maneno kunachosha. Siku hizi wakicheka nikauliza wanacheka nini, ananipungia mkono: "Achana nayo, si muhimu."

Hayo maneno yanauma kuliko kuitwa kiziwi. Yote mazuri ya nyumba ile sasa si muhimu.

Nimewahi kupita mashineni. Kuna binti mpya, mdogo kuliko mimi, mchangamfu, nyusi nyeupe, masikio wazi kabisa. Nyuma yake Bosi na pamba zake, anacheka na wateja.

Nilimwita nje. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tafuta pamba uzibe masikio. Ile mashine inakula."

Alinishukuru kwa adabu. Akarudi ndani, akamgeukia mama mmoja. Sauti yake haikunifikia, ila mdomo wake niliuona vizuri sana.

"Ndiye yule kiziwi."

Wakacheka.

Meneja ninaye mpaka leo. Jioni naja kwa mbele, napunga kitambaa, navuta uzi, anaruka. Chumba kizima ni kimya, na sisi wawili tunacheza.

Wewe unayesoma, kama kuna paka kwako, au mtu, aliyekuwa mchangamfu na sasa anakaa konani, usiwahi kusema kanuna. Zunguka uje mbele yake, akuone, halafu ndiyo umuulize. Akikuomba urudie, rudia.

Na kama unafanya kazi mahali ambapo bosi wako anaziba masikio, usimcheke kama tulivyomcheka sisi.

Ziba na ya kwako.