Mashine ya Mama Mbuvi haimwandikii mtu mwingine

Saa mbili asubuhi, katika duka la chapa mjini Kitui. Nzilani Muthama anafunua mashine yake ya kupiga chapa, anapuliza vumbi, anaingiza karatasi mbili na kaboni katikati, halafu anaketi wima kama mtu anangoja maombi yaanze. Vidole vinaanza. Ta-ta-ta-ta. Kengele inalia, mkono wa kushoto unaruka juu kusukuma mashine irudi, mstari mwingine unaanza.

Macho hayako kwa mashine. Yako kwa karatasi ya mteja, kadi ya harambee ya kanisa, imeandikwa na kalamu ya risasi na mtu mwenye haraka.

Lakini ukimwangalia mikono utashangaa. Neno likitaka A, kidole chake cha kati kinagonga kibonye kilichoandikwa D. Na kwa karatasi inatoka A, safi kabisa.

"Usiniangalie mikono, utachanganyikiwa bure," anasema huku anacheka. "Angalia karatasi."

Kidole chake cha mwisho, cha mkono wa kushoto, kimekaa kando peke yake. Kimenyooka kama kijiti. Wenzake wakikimbia, chenyewe kinatazama tu. Kidole hicho ndicho kimemfanya apiganie kiti cha kazi katika duka hili mwezi mzima wa Agosti, akiwa na miaka arobaini, na watoto watatu shuleni.

Nzilani, ambaye wengi hapa wanamwita Mama Mbuvi kwa jina la kifungua mimba wake, alizaliwa Kanyangi. Akiwa darasa la tano alitumwa pamoja na dada yake Kavata kukata makonge, mama yao apate nyuzi za kusuka vyondo. Panga ikateleza. Kidonda kilipona, lakini mshipa ulikuwa umekatika. Kidole hakikukunjika tena.

"Nyumbani hakuna mtu alijali sana," anasema. "Jembe nashika, maji nachota. Kidole kidogo ni cha kazi gani? Sikujua kuna kazi moja dunia hii inakitaka hicho hicho."

Kazi hiyo alikutana nayo mwaka wa 1976, alipoanza masomo ya kupiga chapa. Mwalimu alikuwa anawafunika mikono na kitambaa ili wasichungulie herufi. Kila kidole kilikuwa na boma lake. Na A, kwa mpango wa mashine zote, iko chini ya kidole kile kile kilichokatwa.

"Sasa wewe fikiria Kiswahili chetu," anasema, na mara hii anaacha kupiga. "Andika 'tafadhali'. Andika 'barabara'. Andika 'wanawakaribisha'. Ni A juu ya A! Yule Mzungu aliyepanga hizi herufi hakujua siku moja tutaandika 'wanawakaribisha'."

Alimaliza masomo akiwa wa mwisho darasani kwa kasi ya kupiga. Abdulatif Shee, mwenye duka hili la chapa karibu na soko, ndiye pekee aliyemchukua, kwa sababu maandishi yake hayakuwa na makosa hata kama yalichelewa. Baada ya miezi michache, fundi wa mashine mzee Ndululu, ambaye sasa ni marehemu, alikuja kusafisha mashine akamkuta anahangaika. Alimtazama sana, halafu akasema maneno ambayo Nzilani hajayasahau: "Mwanangu, kidole hakiwezi kuhamia kwa herufi. Acha herufi ihamie kwa kidole."

Fundi alifungua mashine, akang'oa vichwa viwili vya chuma vinavyogonga karatasi, cha A na cha D, akavibadilisha mahali na kuvichomelea. Vibonye vya juu aliviacha jinsi vilivyokuwa, aliogopa vitavunjika. Kutoka siku hiyo Nzilani akawa moto. Na mashine ikawa yake peke yake.

Mjini watu wanakumbuka karani mmoja wa kanisa aliyeingia dukani wakati Nzilani ameenda chai, akajipigia tangazo mwenyewe bila kuomba. Jumapili likabandikwa mlangoni: "Kdribuni wote kwd chdkuld."

"Mchungaji aliuliza kama hiyo ni kunena kwa lugha," Nzilani anasema, na wateja walio kwa benchi wanavunjika mbavu.

Maisha yalienda hivyo miaka karibu ishirini. Halafu Julai mwaka huu wa 1996, Abdulatif akaleta kompyuta.

Hakuwa na njia nyingine, anajitetea. "Watu wamebadilika. Hata barua ya kuomba ruhusa wanataka ya kompyuta." Pamoja na kompyuta alikuja mpwa wake, Mishi, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyesomea kazi hiyo Mombasa.

Masharti aliyatoa mbele ya wote wawili. "Mama Mbuvi, una mpaka mwisho wa Agosti. Ukiizoea, kiti ni chako, Mishi atarudi kwao. Usipoizoea, kiti ni cha Mishi. Biashara haina undugu."

"Hata na mpwa wako haina?" Nzilani akamuuliza.

Abdulatif akacheka, lakini masharti hakuyabadilisha.

Kompyuta yenyewe Nzilani hakuipenda. Vibonye vilikuwa laini sana. "Ni kama kubonyeza uji umeganda. Hakuna sauti, hakuna kengele, sijui kama nimeandika ama nimepapasa tu. Na nikikaza kidole vile nimezoea, herufi moja inajiandika mara tatu." Kila mwisho wa mstari mkono wake wa kushoto uliruka juu kutafuta mahali pa kusukuma. Siku ya pili ulimmwagia Mishi chai kwa mapaja.

"Pole, mami!" Nzilani akasema, kama anaongea na binti yake.

"Hakuna neno, mwaitu," Mishi akasema, akijipangusa. Alikuwa ameshajifunza kumwita mama kwa Kikamba. "Lakini kesho chai nitakunywa nje."

A ndiyo ilimshinda. Wiki ya kwanza ya Agosti, kijana mmoja anaitwa Kivuva alitoka Matiliku kuleta programu ya mazishi ya baba yake. Nzilani alipiga vile alivyofundishwa, macho kwa karatasi ya mteja tu. Vidole vikaenda mahali vinapopajua. Kivuva alipopewa kazi, juu kabisa palisomeka: "Mdzishi yd Mzee Kisilu."

Kijana aliisoma mara mbili. Halafu akasema polepole, "Mama, baba yangu alikuwa mwalimu. Tukimzika na hii, ataamka."

Nzilani aliomba msamaha, akarudi kwa mashine yake ya zamani, akapiga programu yote upya. Kivuva aliondoka na karatasi safi. Abdulatif alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote, akageuka akaenda zake. "Afadhali angenigombeza," Nzilani anasema.

Aliyemwokoa ni Mishi. Msichana alikumbuka wenzake chuoni walikuwa na kidisketi chenye programu ndogo ya kubadilisha vibonye. Akatuma ujumbe Mombasa, kikaletwa na basi. Akakiingiza, akafanya mambo yake, akasema, "Jaribu sasa, mwaitu. A iko pale pako."

Nzilani akapiga ukurasa mzima. Haukuwa na kosa hata moja.

"Nilicheka mpaka nikaona haya," anasema. Jioni hiyo aliimba njia yote akienda nyumbani.

Wakagawana siku. Asubuhi Mishi anapiga na herufi za kawaida, mchana anazibadilisha, Nzilani anakaa. Mambo yakanyooka, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Jumanne ya wiki hii yakaharibika. Mishi alisahau kuzirudisha. Abdulatif akampa mkataba wa kuuza shamba, wakili anangoja, na Mishi naye alipiga macho yakiwa kwa karatasi. Mjumbe wa wakili aliurudisha mkataba mbio, ameukunja kama kitu cha aibu.

Abdulatif alimwakia mpwa wake mbele ya wateja. "Ulienda chuo kujifunza kuharibu? Jina la duka hili unalijenga ama unalibomoa?" Mishi aliinama, machozi yakidondoka kwa vibonye. Hakutaja kidisketi. Hakutaja jina la mtu.

Nzilani alikuwa kwa veranda, amesikia yote. Angeweza kunyamaza tu, zilikuwa zimebaki siku nne, Mishi arudishwe Mombasa na kiti kibaki chake. Lakini aliingia ndani.

"Mzee, usimgombeze huyu. Hizo herufi zilihamishwa kwa sababu yangu. Zirudishe mahali pake. Kiti mpe Mishi."

"Mwaitu, hapana!"

"Nyamaza, mami. Mashine moja haiwezi kuvaa mikono ya watu wawili."

Abdulatif alikaa chini. Kisha alimuuliza anataka nini kwa miaka yake yote hapo. Nzilani akaonyesha mashine ya zamani.

"Hiyo?" Abdulatif akasema. "Mama Mbuvi, hata mwizi akiiba hiyo leo, kesho atairudisha. Chukua. Na chukua na riboni zote za stoo, Mishi hana kazi nazo."

Jumatatu Nzilani ataanza kazi Kanyangi, kwa chumba ambacho dada yake Kavata amemsafishia kando ya mashine ya dizeli ya kusaga unga. Huko stima haijafika. Wenye barua za chifu na vikundi vya akina mama bado wanakuja mpaka Kitui mjini kwa ukurasa mmoja tu. Kwaya ya kanisa imeshatuma kazi, hata kabla ya meza kuletwa.

Anataka, Mungu akijalia, kununua mashine ya pili, yenye herufi mahali pa kawaida, afundishe wasichana waliomaliza darasa la nane wamekaa tu nyumbani. Mishi ameahidi kuja siku za Jumamosi kuwaambia habari za kompyuta.

Na vitambaa vya kufunika mikono, kama vile vya mwalimu wake, atatumia?

Nzilani anatoa kadi ya harambee kwa mashine, anaisoma mara moja, anaiweka chini.

"Hapana," anasema. "Msichana akija, kwanza nitamwambia aweke mikono hapa juu ya meza, wazi, niiangalie yote miwili. Mambo ya herufi tutaongea baadaye."